Celica ya mitumba ya kipimo cha 1/24: nitaivuaje rangi na kuigeuza gari la Safari Rally la 1993?

MWANATANGA (Tanga)

Ndugu wanajukwaa, hamjambo. Nimenunua katika mitumba ya vitu vya watoto modeli ya Toyota Celica ya kampuni ya Tamiya, kipimo cha 1/24 (yaani gari la kweli limepunguzwa mara 24), ile iliyotengenezwa kwa mfano wa gari la Castrol lililoshinda mbio za Monte Carlo mwaka 1993. Ilikuwa imekwisha kuunganishwa na kupakwa rangi huko ilikotoka, na bei yake ilikuwa ndogo kwa sababu muuzaji aliihesabu kuwa kigari cha kuchezea kilichovunjika. Mimi naiona kwa jicho jingine. Celica za aina hiyo ndizo zilizotamba katika Safari Rally miaka ile: mwaka 1993 Juha Kankkunen alishinda na Toyota ikazoa nafasi 4 za kwanza, mwaka 1994 akashinda Ian Duncan wa Kenya, na mwaka 1995 akashinda Yoshio Fujimoto. Nataka kuirudisha modeli hii hadi kwenye plastiki tupu, kisha niijenge upya ikiwa gari la Kankkunen kama lilivyokuwa katika Safari ya 1993.

Hali yake ni hii. Rangi nyeupe imepakwa kwa brashi, tena nene, kiasi kwamba mfereji unaotenganisha mlango wa kushoto na bodi umejaa na ukucha haupiti. Bodi imegandishwa kwenye chasi kwa gundi. Kioo cha mbele kina alama ya kidole iliyozama ndani ya plastiki, kioo kimoja cha pembeni hakipo, na stika zimegeuka njano, zile za boneti zikiwa zimepasuka vipande. Tairi zote nne zipo na rimu hazina ufa.

Naomba mnielekeze katika mambo matatu: namna ya kuvua rangi bila kuiumiza plastiki, rangi ya kutumia hapa nyumbani, kwa kuwa makopo ya kupuliza rangi hayaruhusiwi katika mizigo ya abiria wa ndege na duka la modeli hatuna, na namna ya kutengeneza vile vitu ambavyo gari la Monte Carlo halikuwa navyo, yaani ngao ya mbele (mabomba ya kukinga pua ya gari), snokeli (bomba la kupandisha juu hewa ya injini) na taa za kuongeza.

FUNDI WA MEZANI (Nairobi)

Ndugu Mwanatanga, modeli hiyo inaokoleka kabisa. Usitupe hata kipande kimoja kilichovunjika, kwa sababu utakihitaji kama kielelezo cha kutengenezea kingine.

Kabla hujaigusa rangi, tenganisha kwanza bodi na chasi. Gundi ya modeli huyeyusha uso wa polisterini, yaani plastiki ya modeli hizi, pande zote mbili, na ikikauka pande hizo zinakuwa plastiki moja, ndiyo maana kiungo kilichofanywa vizuri hakiachii. Lakini mtu aliyemimina gundi nyingi kwa kawaida ameacha tabaka nene la gundi katikati, na tabaka hilo likipata baridi kali hukauka na kukatika kwa urahisi. Itie modeli katika mfuko, uilaze kwenye friza usiku kucha, kisha asubuhi ingiza ubapa wa kisu chembamba katika kiungo na uugeuze taratibu hadi usikie mlio mkavu wa kuachia. Kiungo kinachogoma usikilazimishe. Kikate kwa msumeno mwembamba kutoka upande wa ndani, ambako kovu halitaonekana.

Kwa rangi, mimi hutumia mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, ambayo yanapatikana katika kila duka la vipuri. DOT 5 ni ya silikoni na haivui chochote. Tumbukiza bodi peke yake, bila vioo, katika chombo chenye mfuniko, na uanze kukagua baada ya saa chache, maana rangi nyingine huinuka jioni ile ile na nyingine hudai siku nzima. Ikianza kukunjamana, sugua kwa mswaki mlaini kufuata mifereji ya milango, kisha osha kwa sabuni ya vyombo na maji mengi. Vaa glavu, kwa kuwa mafuta hayo huwasha ngozi, na usiyamwage kwenye mtaro. Tina, petroli na asetoni usivikaribishe kabisa, kwani havitofautishi rangi na plastiki.

Vipande vyenye kromu vina njia yao. Ile kromu ni utando mwembamba sana wa alumini, na jiki ya kawaida huula baada ya muda mfupi. Chini yake utakuta tabaka la vanishi ya manjano, ambalo hutoka kwa spiriti. Suuza vizuri sana kati ya hatua moja na nyingine, kwa sababu jiki haichanganywi na spiriti wala na kemikali nyingine yoyote.

Kioo cha mbele usikitupe bado. Kisugue kwa msasa wa maji namba 1000 hadi alama ya kidole ipotee na kioo chote kiwe na ukungu mmoja, endelea na 1500, 2000 na 3000, kisha malizia kwa dawa ya meno na kitambaa cha pamba. Kazi hiyo inachosha mkono, lakini kioo hurudi. Wakati wa kukibandika tumia gundi nyeupe ya mbao, kwa kuwa mvuke wa supaglu huacha ukungu mweupe juu ya plastiki angavu.

BAHARINI (Mombasa)

Nakubaliana na ndugu wa Nairobi kuhusu friza na kioo. Nitasema juu ya rangi, kwa sababu hapo ndipo modeli nyingi nzuri zinapoharibikia, na hali ya hewa ya Tanga ni sawa na ya kwetu.

Ningeomba kila unapotaka kuweka kitu juu ya modeli hiyo ukizidishe kwanza kwa 24. Tabaka za rangi zenye unene wa jumla wa milimita 0.1, ambazo ukizitazama unaziona nyembamba, kwenye gari la kweli zingekuwa milimita 2.4, yaani gari lililofunikwa kwa puti tupu. Ndiyo sababu ule mfereji wa mlango wa kushoto ulizibika. Aliyepaka hakukosa rangi nzuri. Alikosa hesabu. Rangi ya modeli inapaswa kupulizwa, iwe nyepesi kama maziwa, tabaka nyingi nyembamba, na tabaka mbili za kwanza ziwe za ukungu tu ambao bado unaonyesha plastiki chini yake.

Rangi yenyewe unaweza kuipata katika maduka yanayochanganya rangi za magari. Omba ujazo mdogo kabisa wa nyeupe, nyekundu na kijani, na wakikuuliza namba ya rangi wapelekee kipande cha stika kilicho salama walinganishe. Tahadhari moja ni ya lazima: tina ya rangi za magari ni kali kwa polisterini na inaweza kuichimba ikafanya nyufa ndogo ndogo. Jaribu kwanza kwenye kijiko cheupe cha plastiki cha kutumia na kutupa, ukichagua chenye alama ya pembetatu yenye namba 6, ambayo maana yake ni polisterini. Kijiko kikipauka au kikafanya mikunjo, puliza praima (rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine) ya ukungu mara kadhaa, ukiacha kila mara ikauke kabisa, na usiruhusu uso ulowe hata mara moja hadi plastiki iwe imefunikwa.

Kuhusu kilia, yaani rangi angavu ya mwisho ya kung'arisha, zile zenye hadina (dawa ya kukaza rangi) hutoa gari linalong'aa kwa miaka, lakini hadina ina isosayaneti, ambayo huharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haikukingi. Usiipulize chumbani. Mpelekee fundi wa rangi za magari mwenye vifaa vya kujikinga akupulizie bodi siku anapopiga kilia gari jingine, au utumie kilia isiyo na hadina.

Eabrashi, yaani kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa, ya bei nafuu inatosha. Kompresa nzuri kuliko zote nilizotumia ilitolewa kwenye friji iliyokufa: fundi wa friji aliifungia tangi dogo, geji na kikombe cha kunasa maji, nayo haipigi kelele, kwa hiyo naweza kufanya kazi usiku familia ikiwa imelala. Presha ya psi 15 hadi 20 inanitosha. Kikombe cha kunasa maji usikikose, kwa maana hewa ya pwani ikibanwa hutoa maji, na tone moja likitua juu ya boneti nyeupe itabidi uanze upya.

Saa ya kupuliza nayo ina umuhimu. Asubuhi na usiku unyevu huwa juu, na rangi ya laka hushika ukungu mweupe kabla haijakauka. Subiri jua lipande, mlango ukiwa wazi lakini pasiwe na upepo, na tumia tina inayokauka polepole, kwa sababu joto la adhuhuri hukausha matone hewani na uso ukatoka na chembechembe. Mvua za masika zikiwa zimeshika, iache kazi ya rangi na ushughulike na vipande vingine.

KIPIMO SAHIHI (Dar es Salaam)

Kwa heshima zote kwa ndugu wa Nairobi, mimi nisingeanza na mafuta ya breki. Rangi nyingi zinazotumiwa na wanamodeli siku hizi, zile za akriliki na hata baadhi ya laka, huinuka kwa spiriti yenye nguvu, na spiriti haiachi utelezi ambao baadaye huikataza praima kushika. Nimeona pia plastiki nyembamba, hasa nguzo za kioo cha mbele, ikiwa dhaifu baada ya kulala muda mrefu katika mafuta ya breki. Anza na spiriti kwa siku moja, na rangi ikigoma ndipo uende kwenye breki.

Sasa niingie katika mageuzi, na hapa lile somo la kuzidisha kwa 24 ndilo litakalokuongoza. Chagua gari moja, siku moja, na picha za gari hilo peke yake, kwa kuwa timu ilibadilisha vitu kutoka mwaka hadi mwaka, na modeli iliyochanganya ngao ya mwaka mmoja na taa za mwaka mwingine haiwakilishi gari lolote lililowahi kukimbia. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma wa Celica ile ni milimita 2,525, kwa hiyo kwenye modeli ni milimita 105 na kidogo. Chapisha picha ya ubavuni ukiikuza au kuipunguza hadi umbali huo ulingane, na kuanzia hapo kila kitu utakipima kwa rula moja kwa moja juu ya karatasi. Ukubwa wa snokeli, kimo cha ngao na kipenyo cha taa vyote utavipata bila kukisia.

Kwa ngao, nenda kwa fundi umeme ukaombe vipande vya waya mgumu wa shaba wa nyumba. Ule wa namba 2.5 ukivuliwa ganda una kipenyo cha karibu milimita 1.8, sawa na bomba la milimita 43 kwenye gari la kweli, na ule wa 1.5 una milimita 1.4, unaofaa kwa mabomba madogo ya kushikia taa. Waya wa kuviringishwa haunyooki kwa mkono. Bana ncha moja kwenye jiliwa, shika nyingine kwa koleo, na uvute hadi uuhisi ukinyooka na kurefuka kidogo: hapo unakuwa umenyooka kama rula, na shaba yenyewe inakuwa ngumu zaidi kuliko ilivyokuwa. Pinda kuzunguka kijiti cha duara juu ya ile picha yako, na viungo uvilehemu kwa risasi badala ya supaglu, kwa kuwa ngao ndiyo kitu cha kwanza kitakachogongwa modeli ikishikwa.

Snokeli ni kazi ya plastiki. Jenga kiini kwa tabaka za polisterini zilizobandikwa, ukate kwa kisu, na uzungushe kingo kwa msasa. Jihadhari na kadi za zamani za benki, ambazo watu wengi huzikimbilia: hizo ni za PVC, gundi ya modeli haizishiki ipasavyo, na utalazimika kutumia supaglu. Puti nzuri kuliko ya dukani unaweza kuitengeneza mwenyewe kwa kukatakata vijiti vya polisterini na kuviacha viyeyuke ndani ya chupa ya gundi ya modeli, maana ikikauka inakuwa plastiki ile ile na inakwanguka sawa na bodi. Antena utaipata kwa kupasha moto kijiti kama hicho juu ya mshumaa, bila kukigusisha moto, kisha kukivuta polepole.

Usisahau kimo. Gari la Monte Carlo limekaa chini, na la Safari limeinuliwa ili lipite juu ya mawe. Ukitaka kuinua kwa sentimita 5 za kweli, kwenye modeli ni milimita 2 tu, ambazo unaweza kuzipata kwa vibamba chini ya sehemu za kushikia magurudumu. Rimu za Monte Carlo nazo hazifai, kwa kuwa ni kubwa zenye tairi nyembamba za lami, ilhali huku zilihitajika rimu ndogo zenye tairi nene za changarawe. Seti hizo hutolewa katika modeli nyingine za rally, lakini hakikisha ni za kipimo cha 1/24, kwani modeli nyingi za Kimarekani, kama za AMT, ni za 1/25, na tairi ya kweli ya milimita 650 itatoka milimita 26 badala ya 27. Ukiweka moja ya kila aina, jicho litaiona tofauti hiyo hata kabla hujaipima.

MWANATANGA (Tanga)

Nawashukuru sana ndugu zangu. Bodi imekwisha kuachana na chasi kwa njia ya friza, na sasa imelala ndani ya spiriti kama alivyoshauri ndugu wa Dar es Salaam. Rangi ya paa imeanza kuinuka vipande vipande, na chini yake nimeona mstari wa mlango ukiwa safi kabisa, jambo lililonifurahisha mno.

Yamebaki mawili. Stika nyingine ziko bado kwenye karatasi yake, zilikuwa zimekunjwa ndani ya chasi, lakini ni za njano na sijui kama zitavumilia maji. Pili ni vumbi. Sitaki gari lililotoka dukani, nataka lionekane limetoka porini, ila naogopa kuharibu rangi ambayo nitakuwa nimeihangaikia.

MKAZI WA BONDENI (Naivasha)

Stika za maji zilizogeuka njano hupauka juani. Ibandike karatasi ndani ya kioo cha dirisha linalopata jua, ndani ya mfuko angavu ili unyevu usiifikie, stika zikitazama nje, na uikague kila baada ya siku chache. Kabla ya kuitumia, kata kipande usichokihitaji, kama nembo ya ziada, ukitumbukize majini. Kikisambaratika, puliza kilia nyembamba juu ya karatasi nzima, iache ikauke, kisha ukate kila stika karibu sana na kingo zake, kwa sababu kilia imeifanya karatasi yote kuwa stika moja. Mahali penye mkunjo wa bodi, siki nyeupe kidogo kwa brashi huilainisha stika ikalala. Namba za milangoni na mabamba ya rally ya Monte Carlo usiyatumie kabisa. Yale ya Safari itakubidi uchapishe, na kwa kuwa printa za kawaida hazichapishi rangi nyeupe, yachapishe kwenye karatasi ya stika yenye mgongo mweupe.

Kuhusu vumbi nimefurahi umeuliza, kwa maana naishi katika eneo ambako Safari hupita tangu iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, na nimesimama kando ya njia magari yakipita. Usichote udongo wa barabarani ukaunyunyiza kama ulivyo. Chembe ya nusu milimita, ukiizidisha kwa 24, ni jiwe la milimita 12, na gari litaonekana limemwagiwa kokoto. Tumia chaki za rangi: saga nyekundu, kahawia na nyeupe juu ya msasa laini, changanya hadi upate rangi ya murramu uliyoiona kwa macho yako, na ujaribu kwenye kipande usichokihitaji. Murramu uliokauka juu ya gari hupauka kuliko ulivyo barabarani, kwa hiyo nyeupe ndiyo iwe nyingi.

Bodi iwe imekwisha kupigwa kilia inayong'aa na kukauka kabisa. Juu yake puliza ukungu wa kilia isiyong'aa, lakini mahali pa vumbi tu, kwa sababu vumbi halishiki kwenye uso laini. Kisha anza kwa kutazama upepo. Gari likikimbia, hewa huvutwa nyuma yake na kulirudishia vumbi, kwa hiyo buti na kioo cha nyuma ndivyo vinavyochafuka kuliko vyote. Baada ya hapo ni nyuma ya kila gurudumu, ambako vumbi hupanda mlangoni likiwa limelala kuelekea nyuma, na katika mifereji ya milango. Boneti na paa hupata kidogo. Kwenye kioo cha mbele, kata maskintepu kwa umbo la njia ya waipa, ibandike kabla ya kupaka chaki, uiondoe mwishoni, na utaona dereva alivyokuwa akitazama.

Matope ni kitu kingine, na uamue mapema kama unayataka. Safari ya zamani ilifanyika wakati wa Pasaka, mvua zikiwa karibu au zimeshaanza, na miaka ya 1963 na 1968 magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho. Tope lililolowa ni jeusi zaidi na linang'aa, lililokauka ni jepesi na limepasuka, na yote mawili hukaa chini ya mstari wa katikati ya gurudumu, isipokuwa pale liliporushwa. Lichanganye kwa chaki ile ile na gundi nyeupe iliyozimuliwa, ulirushe kwa kugonga brashi iliyolowa kwenye kijiti, ukielekeza kutoka kwenye tairi kwenda nyuma, jinsi tairi lenyewe linavyolirusha.

Chaki usiifunike kwa kilia mwishoni, kwani nusu yake itapotea machoni pako papo hapo. Iache ilivyo, uishike modeli kwa chasi, na uitengenezee sanduku la kioo.